Nimebadilisha kucha ya raifo .22 kwa spea isiyo ya kiwandani, sasa maganda yanabaki ndani zaidi ya mwanzo. Kosa ni la spea au la bunduki?

#1 Mzawa wa Igawilo

Wakuu, habari za jioni.

Nina raifo ya .22, aina ya Brno, ya bolti (kile chuma cha nyuma unachovuta na kusukuma kupakia), ile ya magazini ya risasi tano. Ilikuwa ya marehemu baba. Alipofariki ilikabidhiwa polisi, ikakaa huko mpaka mirathi ilipokwisha nami nikapata leseni kwa jina langu. Makaratasi yapo sawa, naomba tusianzie huko.

Kucha ya kuvutia ganda ilikuwa imelika. Ukiishika kwenye mwanga unaona ncha imekuwa duara kama ukwato wa mbuzi mzee. Katika kila risasi kumi, maganda mawili yalikuwa yanabaki kwenye chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Nikanunua kucha mpya na springi yake kwa muuzaji mwenye leseni Dar. Si ya kiwanda, imetengenezwa na kampuni nyingine, lakini aliniapia kwamba inaingia kwenye Brno bila kuguswa tupa. Nimeifunga mwenyewe Jumamosi.

Jumapili nimepiga risasi 50 kwenye korongo la shamba letu, nyuma kuna ukuta wa udongo mwekundu. Maganda 11 yamebaki ndani, tena mengine nimeyatoa kwa ncha ya kisu. Kucha mpya imeshindwa na kucha iliyokwisha. Inakuwaje?

#2 Fundi Leithi

Mkuu, neno "inaingia bila kuguswa tupa" ndilo linalowaponza watu. Spea ya nje ya kiwanda inachongwa kwa kipimo cha wastani. Bunduki yako ina miaka mingi, tundu la kucha kwenye bolti limepanuka au limejaa masizi. Kucha ikikaa chini kidogo tu, haishiki ukingo wa ganda, inateleza juu yake.

Kabla hujalaumu chochote fanya hivi. Hakikisha hakuna risasi, toa bolti nje kabisa. Chukua ganda tupu, lisukume kwa kidole liingie chini ya kucha. Sasa geuza bolti mdomo uangalie chini, tikisa taratibu. Ganda likidondoka, kucha au springi ndiyo shida. Likishika, tafuta mchawi kwingine.

#3 MamaParachichi

Kaka pole. Mimi niko Njombe, nina .22 tangu tulipofungua shamba. Umepiga brashi chemba? Nasema chemba, si mtutu. Watu wanapitisha kitambaa kwenye mtutu, wanaona kinatoka cheupe, wanaridhika. Risasi nyingi za .22 kichwa chake ni madini ya risasi matupu yaliyopakwa nta au grisi, hazina koti la shaba kama za raifo kubwa. Ile nta na masizi vinaganda pale mwanzo wa chemba. Ganda linapopigwa linatanuka, linanasa kwenye ule utando kama chungu kilichoungua ugali.

Yangu ilianza hivyo hivyo. Nilinunua kucha, nikanunua springi, kumbe dawa ilikuwa brashi ya shaba na dakika kumi.

#4 Matamba Baridi

Mmesahau hali ya hewa. Jumapili ilikuwa baridi kweli huku juu, na Igawilo nako si Kyela. Ulipaka nini kwenye bolti baada ya kufunga spea? Kama ni grisi ya beringi za gari, hiyo ndiyo maradhi yako. Huku Makete mwezi wa sita na wa saba nyasi zinaamka na barafu asubuhi. Grisi nzito inakuwa kama gundi, springi ya kucha ni ndogo, haina nguvu ya kurudi haraka. Hata pini ya kupigia inachelewa, unasikia tik, risasi haitoki.

Mimi bolti naifuta ikauke, halafu tone moja la mafuta ya cherehani. Basi.

#5 Mstaafu Uyole

Salaam wote. Nitasema mawili, nitarudi kusoma.

La kwanza, kisu. Usiingize kisu kwenye chemba hata siku moja. Chuma cha mdomo wa chemba ukikikwaruza, umetengeneza tatizo ambalo hakuna spea inayoliponya. Ganda likinasa, toa magazini, fungua bolti, hakikisha ni ganda tupu kwa macho yako, halafu lisukume kwa ufito wa kusafishia kutokea mdomo wa mtutu. Na kama uliivuta triga na risasi haikulia, shikilia bunduki ikiangalia kwenye udongo nusu dakika nzima kabla hujafungua.

La pili, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haichezi na mafundi wa uchochoroni. Kusafisha silaha yako ni wajibu wako. Kumpa mtu asiye na leseni ya kazi hiyo akuchongee vyuma ni jambo jingine. Wasomaji wengine msije mkaona uzi huu mkapeleka bunduki kwa mchomelea mageti.

#6 Mzawa wa Igawilo

Shukrani. Mzee Mstaafu, kisu nimekiacha, nimekuelewa.

@Fundi Leithi nimefanya jaribio lako. Kucha mpya inashika ganda, nimetikisa halikudondoka. Lakini nimeona kitu: ganda linakaa limeinama, upande wa kucha umebanwa, upande wa pili una mwanya ninaoweza kupitisha karatasi. Nimerudisha kucha ya zamani na springi mpya, nikapiga 20, yamebaki manne.

@Matamba Baridi nilipaka grisi, ndiyo. Ya kwenye kopo la bluu, ya beringi.

#7 Matamba Baridi

Nilijua.

#8 Mnyalu wa Kalenga

Kamwene! Nyie watu wa Mbeya mnalia na kucha moja. Babu zetu chini ya Mkwawa waliteka bunduki za Wajerumani pale Lugalo mwaka 1894, wakazitumia miaka bila duka la spea wala mtandao.

#9 Darubini

Mtani, historia ya kwenu tukufundishe sisi? Lugalo ilikuwa tarehe 17 Agosti 1891, ndipo Zelewski, kamanda wa Wajerumani, alipouawa. 1894 ni mwaka Wajerumani walipoivunja ngome yenyewe ya Kalenga. Na zile Mauser hazihusiani na uzi huu. Risasi zake kiwashio kilikuwa katikati ya kitako cha ganda. Hapa tunaongelea .22, kiwashio chake kiko kwenye ukingo.

#10 Mnyalu wa Kalenga

Nimekosea mwaka, nakubali, 1891. Ila spea hawakuwa nazo.

#11 KambaMbili

Darubini amegusa penyewe bila kujua. Ngoja nieleze, maana hili limenigharimu.

Risasi ya .22 haina kile kitufe cha katikati. Unga wa kuwashia umezungushwa ndani ya ule ukingo mwembamba wa nyuma. Pini inapiga ukingo, inaubana dhidi ya mdomo wa mtutu, unga unasagika, moto unawaka. Sasa fikiria siku unayovuta triga chemba ikiwa tupu. Ukingo wa kubanwa haupo. Pini kama ni ndefu kupita kiasi inagonga mdomo wa chemba wenyewe, chuma kwa chuma. Mara mia, mara elfu, inachimba kishimo, na chuma kilichosukumwa kinatokeza ndani ya chemba kama kijinundu. Ganda likilia linatanuka, linakumbatia kile kijinundu, halitoki. Kucha iwe ya almasi, haitoki.

Yangu pini ilivunjika, fundi mmoja akanichongea nyingine kwa shina la drili. Ngumu kweli, nikafurahi. Ilikuwa imezidi kidogo tu. Baada ya miezi kadhaa nikaona kila ganda lina mkwaruzo mahali pamoja, palepale penye alama ya pini. Pini ya .22 iliyo sahihi, chemba ikiwa tupu, haigusi mtutu.

Mkuu Igawilo, baba alikuwa na mazoea ya kufyatua tupu?

#12 Fundi Leithi

Naheshimu uzoefu wako KambaMbili, lakini hapo umekimbilia mbali. Mwenye uzi amesema kucha mpya inaacha ganda limeinama. Hiyo tosha. Ncha ya kucha imeachwa nene, inabeba ukingo kwa juu badala ya kuukumbatia. Ukingo wa .22 ni mwembamba, kama milimita moja na nukta. Kosa la unene wa unywele kwenye kucha ni kosa kubwa. Na chemba ingekuwa na kijinundu, kucha zote mbili zingeacha maganda sawasawa. Huyu kapata 11 kwa 50 na 4 kwa 20.

#13 MamaParachichi

Fundi, piga hesabu. 4 kwa 20 ni sawa na 10 kwa 50. Ni yale yale! Kucha hazina tofauti. Chemba, chemba, chemba.

#14 Fundi Leithi

Hesabu imenishika, kweli. Ila mwanzo alisema mawili kwa kumi, nayo ni hiyo hiyo. Kwa hiyo springi mpya haikusaidia kitu na kucha mpya haikuharibu kitu? Sikubali haraka. Lile ganda lililoinama bado linanisumbua.

#15 Mzee wa Chunya

Vijana, mmewahi kuona risasi fupi za .22? Zamani zilikuwa zinapatikana. Kipenyo ni kile kile, ganda lake fupi. Zinaingia kwenye bunduki ya risasi ndefu na zinalia vizuri. Lakini ganda fupi halifiki mwisho wa chemba, kwa hiyo masizi na madini ya risasi yaliyoyeyuka vinajenga pete mbele yake. Siku ukirudisha risasi ndefu, ganda linaingia kwa kusukumwa, linakaa juu ya ile pete, likitanuka linanasa. Brashi moja haitoshi kuitoa. Ni kulowesha usiku kucha, kisha kusugua, kisha kulowesha tena.

Muulize mama yako kama mzee alitumia fupi.

#16 Mzawa wa Igawilo

Mzee wa Chunya, shikamoo. Sikuhitaji kumuuliza mama. Kwenye sanduku la baba kulikuwa na maboksi mawili matupu ya risasi fupi, tulikuwa tunawekea misumari. Nimeyaangalia sasa hivi, yameandikwa fupi.

Na KambaMbili, ndiyo, mzee alikuwa kila jioni anaifuta, anafunga bolti, anavuta triga ili springi ipumzike. Tulikuwa tunaisikia ile tik tukiwa jikoni, tunajua sasa anakuja kula.

#17 Mzee wa Chunya

Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu. Wazee wengi walifanya hivyo, tuliamini ni kutunza.

#18 Mgeni Makambako

Wakuu samahani naingilia. Mimi shida yangu ni triga, nzito mno. Nimeona kuna springi nyepesi za kubadilisha kwa hizi Brno na CZ. Zinafaa? Fundi mmoja anasema hata springi sihitaji, atasugua tu kwa msasa laini kile kipande kinachoshika pini.

#19 KambaMbili

Mwambie aache msasa wake mfukoni. Kile kipande kina ngozi ngumu ya juu tu, chini ni chuma laini. Ukiivua ngozi, triga inakuwa tamu wiki ya kwanza, halafu pembe inaanza kumomonyoka. Shemeji yangu Mafinga alisuguliwa hivyo. Siku moja alisukuma bolti mbele kufunga, mkono hauko kwenye triga, bunduki ikalia yenyewe. Risasi iliingia kwenye kizingiti cha mlango. Mtoto wake alikuwa ametoka pale kwenda kuchota maji.

Springi iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki hiyo, ikafungwa na fundi wa silaha, ni sawa. Na ikishafungwa, chemba tupu, funga bolti kwa nguvu mara ishirini, gonga kitako chini kwenye gunia. Ikijifyatua hata mara moja, rudisha springi ya zamani.

#20 Mgeni Makambako

Nimeshtuka. Asante, sitamruhusu.

#21 Mstaafu Uyole

Hilo la mlango mlisome mara mbili. Watu wanaiona .22 kama mchezo kwa sababu sauti yake ndogo na haisukumi bega. Maboksi mengine yameandikwa wazi kuwa inaweza kufika maili moja.

#22 Darubini

Kuhusu spea za nje kwa jumla, tusizikatae zote. Kuna bunduki ambazo watu wa nje wamezitengenezea kila kitu. Ruger 10/22, raifo ya .22 ya Marekani, ilianza 1974 kama sikosei, unaweza kununua mtutu, triga, bolti na kitako vyote vya kampuni nyingine mpaka Ruger inabaki kuwa jina tu. Magazini yake ya duara ya risasi kumi nayo ina ndugu wengi wa plastiki. Kwa hizo kucha iliyochongwa kali ya nje ni bora kuliko ya kiwandani, wengi wanaibadilisha kwanza. Brno haina bahati hiyo.

#23 Mnyalu wa Kalenga

1964 mtani. Leo tumekuwa sawa, moja kwa moja.

#24 Darubini

Umelipa deni. 1964.

#25 MamaParachichi

Mimi spea pekee ya nje niliyojuta ni kitako. Cha zamani kilipasuka kwenye kiwiko, seremala akanichongea cha mninga, kizuri, kinang'aa kama samli. Nikashangaa kiangazi napiga sawasawa, masika risasi zinakwenda kulia kwa upana wa kiganja. Nilihangaika na shabaha msimu mzima. Mwisho nikachukua karatasi ya daftari, nikaipitisha kati ya mtutu na mbao kutokea mbele. Ilifika katikati ikakwama. Mbao ilikuwa inavimba kwa unyevu inausukuma mtutu. Nikamrudishia akachimba mpaka karatasi ikapita yote hadi karibu na chemba. Tangu hapo mvua ya Njombe ifanye itakavyo.

#26 Fundi Leithi

Dada hapo umefundisha. Na mninga umechagua vyema, hautembei sana. Wapo waliochongewa vitako vya msindano wa Sao Hill kwa sababu ni rahisi kupatikana, skrubu zinalegea kila mwezi. Mbao laini hiyo, ya kenchi.

#27 Matamba Baridi

Turudi kwa mwenye uzi. Grisi umefuta?

#28 Mzawa wa Igawilo

Nimefuta. Naleta ripoti, samahani nilikuwa shambani.

Nimefuta grisi yote kwa mafuta ya taa, nikakausha, nikaweka tone moja la mafuta ya cherehani. Chemba nimeilowesha usiku mzima, asubuhi nikasugua kwa brashi ya shaba. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi kama kimefuta sufuria, cha tatu kikatoka na vipande vidogo vya kijivu vinavyong'aa, kama magamba ya dagaa. Nimerudia mara nne mpaka vikaisha.

Halafu nikatafuta kile kijinundu cha KambaMbili. Nikazungushia pamba kwenye kijiti cha meno, nikapitisha taratibu kuzunguka mdomo wa chemba. Sehemu moja pamba imenasa, nyuzi mbili zimebaki pale. Nimetazama kwa kioo cha kukuzia cha mtoto wa shule: kuna kishimo, kidogo kama alama ya ncha ya kalamu.

Jumamosi nimepiga 40, kucha mpya. Yamebaki matatu.

#29 MamaParachichi

Kutoka 11 kwa 50 mpaka 3 kwa 40! Brashi hiyo.

#30 Mzee wa Chunya

Yale magamba ni pete. Bado haijaisha yote, lowesha tena.

#31 Matamba Baridi

Au ni grisi. Alifuta vyote siku moja, mtajuaje?

#32 KambaMbili

Haya matatu yaliyobaki ni kijinundu. Mkuu, mafundi wa silaha wana kifaa cha chuma kigumu cha kuingiza kwenye chemba, kinakisukuma kile chuma kirudi mahali pake bila kukata. Usikubali mtu aingize tupa wala drili, chemba ikipanuliwa haisinyai. Na pini ipimwe kabla, la sivyo utakuwa unafagia huku dari linavuja.

#33 Fundi Leithi

Swali moja. Hayo matatu, yalikaa yameinama kwenye kucha ulipofungua, au hayakuvutwa kabisa?

#34 Mzawa wa Igawilo

Mawili hayakuvutwa, kucha iliteleza. Moja lilitoka nusu likaangukia ndani ya magazini.

#35 Fundi Leithi

Basi mna makosa mawili humo ndani, si moja. Lile ganda la tatu si kosa la chemba. Ganda limevutwa likadondoka njiani kwa sababu halikushikwa pande zote.

#36 Darubini

Au risasi zenyewe. Yote matatu yalikuwa ya boksi moja?

#37 Mzawa wa Igawilo

Sikuyatenga. Nilikuwa na maboksi mawili tofauti, nikachanganya mfukoni. Nimeyaokota maganda yote 40, yapo kwenye kopo. Nimeanza kuyapanga mezani kwa alama ya pini. Ya boksi la kwanza pini imepiga ukingo katikati, ya boksi la pili imepiga imevuka nje kidogo. Manne ya boksi la pili yana mkwaruzo ubavuni, mstari mmoja mwembamba unaoanzia kwenye alama ya pini kwenda mbele, urefu kama wa punje ya mchele.

Jumatatu naenda Dar na bunduki na barua ya OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), kwa fundi wa silaha mwenye leseni. Nabeba kucha zote mbili, pini, na kopo la maganda.

#38 KambaMbili

Mstari huo muoneshe wa kwanza kabla hajashika kitu chochote.

#39 Fundi Leithi

Na lile ganda linaloinama muoneshe la pili.